Fundi anataka kung'oa madirisha yote ya mbao nyumba ya bibi Kiponda, nimkubalie?

mjukuu_wa_kiponda

Asalaam aleikum wakuu, naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya mbao maana mi kazi yangu mahesabu, msumari wenyewe nikipiga unapinda.

Bibi yetu katuachia nyumba Kiponda, Mji Mkongwe, ya mawe na chokaa, ghorofa mbili. Ina madirisha 11 ya mbao yale ya zamani, ya chini yana nondo za kusimama na mabawa mawili, ya juu yana luva na mengine yana vioo vya rangi pale juu, kijani na vyekundu. Sidhani kama yameguswa tangu mi niko darasa la pili. Rangi imebanduka, mabawa mengine masika ikianza hayafungi, na manne ya upande wa njiani ukibonyeza ile mbao ya chini kidole kinazama kama boflo lililotiwa chai.

Nimeita fundi, kaangalia dakika kumi kasema ng'oa yote tia aluminiamu ya kusilaidi, wiki moja kazi imeisha na bei haifiki nusu ya ile niliyotajiwa na seremala kwa kuchonga mapya. Kaka angu anasema tukubali tumalize. Shangazi kasema tukivigusa vile vioo vya rangi tusimsalimie tena.

Alafu la pili, najenga kibanda changu Fuoni, tofali za kawaida tu, nimefika kwenye lenta. Nako natamani mbao lakini sijui nichukue mninga, mvule, mtiki au hizi mbao nyeupe za rahisi. Fundi anarudi Jumamosi nisaidieni kabla hajafika.

randa_na_patasi

Waaleikum salaam. Mi ni seremala, nimefanya hizi kazi toka nikiwa kijana wa kushika msumeno upande mmoja. Usimjibu huyo fundi mpaka ufanye kitu kimoja. Chukua bisibisi nyembamba, zunguka madirisha yote 11 na choma choma taratibu, mbao ya chini, miguu ya miimo pale inapoingia ukutani, na pembe za chini za mabawa. Ikigoma ni nzima hata kama sura yake mbaya. Ikizama weka alama ya chaki. Mi nakwambia kabla hujaanza, juu huko utakuta mbao ngumu kama jiwe na ugonjwa wote uko kiasi cha shibiri moja chini. Maji yanashuka, yanakaa kwenye mbao ya chini, alafu kichwa cha mbao kinanyonya kama utambi wa kandili, na ule upande wa chini wa bawa hakuna fundi anaepaka rangi kwa sababu haonekani nao.

Sasa pakioza chini hatutupi dirisha. Unakata kupita pale palipooza, kama vidole vinne ndani ya uzima, unakata mshazari na mteremko uangalie nje ili maji yakiingia kwenye kiungo yashuke yatoke yasirudi ndani. Unachonga kipande cha mbao ya jamii ileile, nyuzi zilale njia moja na za zamani, unatia gundi ya kuvumilia maji na skrubu za brasi au stenlesi. Usikubali misumari ya chuma hapo mjini, hewa ya bahari inaitia kutu na kutu ikivimba inapasua mbao, nusu ya nyufa ninazoziona kwenye fremu za zamani zimeanzia kwenye msumari. Na fundi akikuletea dawa ya unga wa mbao na gundi ajaze shimo lililooza, mpe chai aende zake, hiyo ni poda ya uso, chini yake kuoza kunaendelea.

Mabawa yanayokwama usiyapige randa masika tafadhali. Mbao imekunywa unyevu imevimba, ukiikata sasa hivi ikifika kaskazi imekauka utabaki na pengo paka anapita. Subiri kiangazi ndo upunguze, na mara nyingi hata sio mbao, ni bawaba imelegea bawa limelala. Kaza bawaba kwanza.

kijana_wa_Tegeta

Wakuu tuseme ukweli, mbao ni stresi. Mi nilijenga nikaweka mninga mnaousifia, miaka minne tu unga mweupe unamwagika dirishani kila asubuhi, nikang'oa nikaweka aluminiamu. Hakuna kupaka rangi, hakuna mchwa, nyavu za mbu zinakaa vizuri. Huyo fundi hajakosea, mnamsumbua mwenzenu na mapenzi ya vitu vya kale.

randa_na_patasi

Kijana wa Tegeta huo unga sio mchwa, mchwa anakuja na njia za udongo kutoka ukutani. Hao ni vidudu wanaobungua ile sehemu ya njano nyepesi iliyo karibu na gome. Mninga moyo wake ule wa kahawia hawauwezi, ila muuzaji anakupigia ubao nusu moyo nusu ganda, fundi anapaka vanishi ya rangi ya kahawa juu, wewe unaona mninga kumbe umenunua chakula cha wadudu. Pole lakini kosa lilikuwa dukani. Ukinunua geuza kila ubao, wenye njano pembeni ikatwe itupwe au usichukue.

mama_Shamsi

Mwanangu wa Kiponda, hapa hakuna aliekwambia neno kubwa. Huwezi kung'oa hayo madirisha kwa kuamka tu Jumamosi. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe wanataka uombe kibali kabla ya kubadilisha kitu cha nje. Nenda ukaulize wewe mwenyewe, usimtume fundi, na uende na picha za kila dirisha ndani na nje.

La pili nakupa yaliyonikuta. Sie tulitengeneza madirisha ya mbele yakapendeza, tukapaka na rangi, alafu fundi wa ukuta akaona chokaa inadondoka pembeni ya fremu akaziba na saruji, tena kasilibu safi kama kioo, mwenyewe nikamsifu. Mwaka wa pili miguu ya fremu imeoza upya, mbichi kabisa! Mzee mmoja jirani alikuja akatugongea ule ukuta akacheka. Akasema hili jiwe la matumbawe na chokaa linapumua, linavuta maji kutoka chini na linatoa juu, sasa mkiliziba kwa saruji maji yanatafuta mahali pa kutokea na mahali laini kuliko pote ni mbao yenu. Tukabomoa saruji yote, tukatia chokaa iliyolowekwa na mchanga, ikachukua siku nyingi kukauka na watoto walikuwa wanaichora kwa vidole, lakini mpaka leo fremu kavu. Kwahiyo kabla hujalaumu mbao angalia ukuta wake, na juu ya dirisha angalia bomba la maji ya paa linamwaga wapi. La kwetu lilikuwa linamwagia dirisha la jikoni miaka yote tukilaumu mvua.

Shangazi yako msikilize. Vioo vya rangi vikivunjika kupata rangi ileile ni kazi, kabla fundi hajagonga nyundo popote vitolewe vifungwe kwenye kanga, tena viandikwe kipi kimetoka wapi.

mwana_wa_Amu

Mi niko Lamu, huku mafundi wakongwe wanakwambia mbambakofi na mvule, basi. Mbambakofi ndio unaofanya milango na hata mbavu za majahazi, ni mzito na mgumu, lakini maji hayaupati kirahisi. Mvule nao mzuri ila una vijiwe ndani, kweli vijiwe kama chokaa iliyoganda, msumeno ukikutana nacho unasikia kriii meno yamekwisha. Na vumbi lake linawasha macho na pua, mtu wenu avae kitambaa.

Nyongeza moja kuhusu kusugua rangi ya zamani. Rangi za miaka ile nyingi zilikuwa na risasi, msipige msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto. Lowesheni, sugueni na maji, au mkwangue taratibu, na yale maganda yafagiliwe yafungwe yasitupwe uani kuku wakala. Huku kuna jamaa alichoma rangi kwa moto wa gesi ili iwahi kubanduka, akapasua na vioo vyote viwili.

kijana_wa_Tegeta

Sawa kwenye ganda la mninga nimekuelewa fundi, hata mi nilikuwa nashangaa mbona vinatoboa upande mmoja tu. Lakini kwenye nyumba mpya ya Fuoni bado nasema aluminiamu, hapo hakuna urithi wa dunia.

randa_na_patasi

Fuoni hana kosa akiweka aluminiamu, nyumba yake. Ila ajue dirisha la kusilaidi likifunguka lote limefunguka nusu, upande mmoja unajificha nyuma ya mwenzie. Chumba kilekile na dirisha lilelile la mabawa hewa inayoingia ni mara mbili. Na kioo kitupu upande wa magharibi saa kumi jioni unakaa ndani unaiva. Luva zina akili yake, jua linabaki nje upepo unapita na jirani hakuoni. Usiku wa joto ukifunga mabawa bado unalala na hewa.

Mkuu kwa Fuoni mi ningefanya hivi. Fremu, ambayo ndio inagusa ukuta, weka mninga au mvule moyo mtupu. Mabawa weka mtiki, unapatikana wa kupandwa, huko Longuza Muheza kuna shamba kubwa la serikali, lakini mtiki mchanga una ganda jingi kwahiyo sheria ileile ya kugeuza ubao. Una mafuta ya asili, kabla ya gundi au rangi pangusa na tina uache ukauke la sivyo vitabanduka. Hizo nyeupe, paini na saipresi za Sao Hill huko Mafinga, sio mbaya kwa kenchi ya paa zikiwekewa dawa ya kweli, ila kwa dirisha linalopigwa na mvua za kusi hapana, kwangu hapana.

Kuliko jina la mbao angalia ukavu. Mbao mbichi ya mninga ni mbaya kuliko mbao kavu ya kawaida, itapinda na kiungo kitafunguka. Kama huna kile kipimo cha unyevu, kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya duka, kiweke ndani kwako wiki mbili kipime tena. Kikipungua uzito mbao bado, ipange kivulini na vijiti katikati upepo upite. Na waambie lenta zitoke nje kidogo juu ya kila dirisha, hapo ulipofika ndio wakati wenyewe, ukishapiga plasta umechelewa.

Vanishi ya kung'aa achana nayo upande wa nje, jua la kwetu linaipasua mwaka haujaisha alafu maji yanaingia chini yake hayatoki. Paka rangi ya mafuta juu ya praima, au mafuta ya linsidi ukubali kurudia kila kiangazi. Na oili chafu ya gari msipake, najua kuna atakaeitaja, rangi haitashika juu yake milele na mikono ya watoto itakuwa myeusi.

mjukuu_wa_kiponda

Nimerudi wakuu. Nimezunguka na bisibisi jana baada ya alasiri, shangazi nyuma yangu na tochi. Yaliyozama ni matatu tu, la nne lilikuwa limelowa lakini ndani gumu, na kweli juu yake kuna bomba la paa limechomoka linamwaga pembeni. Na yote matatu yamezungushiwa saruji! Kumbe marehemu babu ndie aliitia, shangazi anakumbuka, alikuwa anajisifia nayo.

Fundi wa aluminiamu nimempigia nikamwambia asije, kanuna. Jumatatu nakwenda Mamlaka na picha. Mama Shamsi, hiyo chokaa iliyolowekwa mliipata wapi, na mliilowesha siku ngapi?

mama_Shamsi

Njoo faragha nikuelekeze kwa mzee mwenyewe, anachoma bado kwenye tanuu lake. Sisi tuliiloweka kwenye pipa tukaisahau zaidi ya miezi miwili, akasema afadhali mngeisahau zaidi. Fanya uloweke sasa wakati unasubiri kibali. Na pipa lifunikwe mwanangu, paka wetu alitumbukia.