Fundi wangu wa mikate kabadilika, nimsaidieje bila kumdhalilisha?

Mwenye_Tanuri: Wakuu, heshima kwenu. Nina kiwanda kidogo cha mikate Ngamiani, Tanga. Fundi wa zamu ya usiku alikuwa mcheshi, anatuvunja mbavu. Tangu Idi kanyamaza. Juzi nimemkuta mbele ya tanuri, ubao wa kutolea mikate mkononi, trei mbili zinaungua anaziangalia tu. Hali chakula, na mchana usingizi hauji. Wenzake wanasema karogwa. Kumfukuza sitaki. Nianzie wapi, na wengine wasifike huko?

Kaka_Chumbageni: Mpe nauli akapumzike kwao wiki moja. Vijana wa sasa hawana uvumilivu.

Nesi_Mstaafu: Uvumilivu unaingiaje hapa? Mwanangu, hali kama hiyo ikizidi wiki mbili mfululizo yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika. Aende hospitali ya Bombo, aeleze habari za usingizi na chakula kama ulivyoeleza. Akiandikiwa dawa, ajue huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, asije akaziacha siku ya nne.

Mwenye_Tanuri: Shikamoo mama. Nimwambieje? Mie maneno sina.

Nesi_Mstaafu: Marahaba. Usimwite mbele ya wenzake. Mchukue jioni mkatembee Raskazone, umwambie ulichokiona: "Siku hizi huli, hulali, nini kinakusibu?" Kisha nyamaza, usimhubirie. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Na atakayokwambia yasifike kiwandani.

Afisa_Ajira: Nyongeza: likizo usiifanye hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, mradi alete cheti cha daktari. Sasa nikuulize: usiku anaingia yeye tu? Na mikate ikiungua nani analipa?

Mwenye_Tanuri: Usiku ni wake daima, ndiye anayeujua unga. Iliyoungua tunamkata. Si ndivyo wanavyofanya wote?

Afisa_Ajira: Basi Bombo watamtibu, wewe utamrudisha kule kule kulikomchosha. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na kila wiki apate saa 24 mfululizo za mapumziko. Mfundishe mtu wa pili kukanda, wapokezane zamu. Hayo makato simamisha leo. Mtu asiyelala, kila mkate ukiungua anapiga hesabu ya kodi ya chumba. Hapo semina ya kutiana moyo itamfaa nini?

Kaka_Chumbageni: Kwenye zamu nakubali. Kiwanda cha watu wachache, mmoja akianguka wote mmelala.

Mwenye_Tanuri: Makato nimeyafuta. Ijumaa usiku naingia tanurini mwenyewe, yeye alale. Ila anayeeneza habari ya kurogwa ni shemeji yangu. Huyo je?

Nesi_Mstaafu: Si ulikuwa unatafuta mtu wa pili wa kukanda usiku?

Mwenye_Tanuri: 😂 Mama, umemaliza.