Mbona Oman wanasali mikono imeachwa chini? Naomba wanaowajua Ibadhi wanieleweshe

FundiBaridi_Kisauni

Asalaam aleikum wote. Mimi mtu wa Kisauni, Mombasa, niko Oman na kampuni ya mafundi wa AC, kambi yetu iko Sib. Nimelelewa Shafii, moja ya madhehebu ya Sunni, na nilijua Waislamu ni Sunni na Shia basi.

Msikiti ulio karibu nasi, imamu na safu nzima ya mbele wanasali mikono imeachwa chini. Kwenye takbira hawainui mikono. Imamu akimaliza Alhamdu naitikia "Amin" peke yangu, msikiti wote kimya. Alfajiri hakuna kunuti, ile dua ya kusimama. Nimeambiwa hawa ni Ibadhi.

Kilichonichanganya zaidi ni mwenzangu wa kazini, Mwomani wa Nizwa. Kazi ameianza zamani kuliko mimi, lakini Adhuhuri anasali rakaa mbili tu na kutoa salamu. Nilipomuuliza akanijibu kwamba yeye ni msafiri. Msafiri wa zaidi ya mwaka?

Hawa watu wametoka wapi, wanaamini nini, na nikisali nyuma yao sala yangu inasihi?

Mjomba_Chumbageni

Kijana, hao ndio Khawariji waliomtoka Sayyidna Ali. Sali kivyako kambini, usijitie kwenye shaka.

BintiMkunazini

Waaleikum salaam mwanangu wa Kisauni. Mimi ni mzaliwa wa Mkunazini, Unguja, na sasa makazi yangu ni Muscat. Marehemu baba alikuwa Ibadhi, marehemu mama Shafii wa Makunduchi. Unayoyaona msikitini mimi nimeyaona nyumbani kwetu tangu mdogo: baba kasimama mbele mikono chini, mama nyuma yake kaifunga kifuani. Sikuwahi kumsikia mmoja akimwambia mwenziwe sala yako haifai. Mimi nasali kama baba, dada yangu mkubwa anasali kama mama.

Nianze na la Mjomba, maana ni zito na linarudiwa sana na watu ambao hawajakaa na Ibadhi hata siku moja.

Mwaka 657, miaka 25 baada ya Mtume (SAW) kufariki, Sayyidna Ali, khalifa wa nne, na Muawiya, gavana wa Sham, walipambana Siffin, kando ya mto Furati. Vita vikasimamishwa ili waamuzi wawili wakae waamue. Katika jeshi la Ali kuna waliokataa, wakasema hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, wanaadamu wawili hawana haki ya kuijadili. Wakajitenga. Mwaka uliofuata Ali akapigana nao Nahrawan na wengi wakauawa. Mpaka hapo Mjomba yuko sawa, chimbuko ni hilo.

Lakini waliobaki waligawanyika, na mgawanyiko huo ndio wenye uzito. Waliomfuata Nafi bin al-Azraq walisema Muislamu asiye upande wao ni mshirikina, damu yake na mali yake ni halali. Wenzao wa Basra wakaikataa kauli hiyo katakata. Wao walisema: huyu anatamka shahada, basi tunaoana naye, tunarithiana naye, tunamzika, na mali yake hatuigusi hata tukipigana naye. Hao wa Basra ndio waliokuja kuitwa Ibadhi. Kuwatia kapu moja na wale waliokuwa wakichinja watu ni dhuluma, Mjomba, na nakuomba usiirudie.

Jina limetokana na Abdullah bin Ibadh, ila ukiwauliza wenyewe imamu wao ni nani watakutajia Jabir bin Zayd. Ni Mwomani wa Firq, jirani kabisa na Nizwa kwao huyo mwenzako. Alikwenda Basra akasoma kwa Ibn Abbas, binamu wa Mtume, huyo huyo mnayemnukuu kwenye tafsiri zenu. Baada yake akashika Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima, ambaye wazee wanasimulia alifundisha kwa kujificha chini ya ardhi kwa kuogopa magavana. Mlangoni palifungwa mnyororo. Ukilia tu, wanafunzi wananyamaza na kushika ukindu, anayeingia anawakuta wanasuka vikapu. Kutoka kwenye chumba hicho walitumwa watu kupeleka elimu Oman, Yemen, Khurasan na Maghribi.

Huko Maghribi walisimamisha dola kabisa. Abdurrahman bin Rustam, mtu wa asili ya Kiajemi, alitawala Tahert, Algeria ya leo, na kizazi chake kikaendelea mpaka mwaka 909 Mafatimi, watawala wa Kishia, walipouteka mji. Walionusurika wakaingia jangwani, na kufikia karne ya 11 wakaanza kujenga miji yao katika bonde la Mzab: El Atteuf, Ghardaia, Beni Isguen na mingine. Wapo hapo mpaka leo. Wengine wako kisiwa cha Djerba, Tunisia, na Jabal Nafusa, Libya. Ukiitazama ramani utaona Ibadhi wamebaki milimani, jangwani na kisiwani, pahala ambapo majeshi ya makhalifa yalipata tabu kufika. Oman nayo ni hivyo hivyo, ngome yao ni ile milima ya ndani inayozunguka Nizwa.

Sasa imani. Nguzo za Uislamu ni zile zile, kibla kile kile, Qur'ani ile ile. Tofauti kubwa ziko chache. Ibadhi wanaamini Mwenyezi Mungu haonekani kwa macho, si duniani wala akhera. Wanaamini mwenye dhambi kubwa akifa hajatubu hatoki motoni, na baba yangu kwa hili alikuwa mkali, deni la shilingi mbili dukani lilikuwa likimkosesha usingizi. Na wanaamini imamu wa Waislamu anachaguliwa kwa uchamungu na elimu yake, hata kama si Mkureshi, yaani wa kabila la Mtume. Akidhulumu anaondoshwa. Ndiyo maana Oman ilikuwa na maimamu wa kuchaguliwa tangu karne ya 8, na hata mwaka 1913 maulamaa na masheikh wa makabila wa ndani walichagua imamu huku kuna Sultani Muscat.

Mikono, Amin na kunuti: hayo wanasema hayakuthibiti kwao, na kitabu chao cha hadithi cha kwanza ni Musnad wa Rabii bin Habib. Hata Mamaliki wengi, nao ni Sunni, wa Sudan na Morocco wanaachia mikono, na hakuna anayewaita Khawariji.

Na huyo mwenzako wa Nizwa hakukudanganya. Kwa Shafii, ukinuia kukaa siku nne mahali, hukumu ya msafiri imekuondoka. Kwa Ibadhi, maadamu hukuufanya mji ule kuwa watani wako, yaani maskani yako ya kudumu, wewe ni msafiri, hata ukikaa miaka, na kupunguza sala si ruhusa tu, ni wajibu. Watani wake ni Nizwa, kuna mke, wazee na mitende yao. Sib amekuja kutafuta riziki. Alhamisi jioni akipanda gari kurudi kwao, huko anasali nne.

Usidhani pia kila Mwomani ni Ibadhi. Nenda Salalah utakuta Mashafii ndio wengi, utajihisi uko Kisauni. Matrah hapa kuna mtaa mzima wa Walawati, nao ni Mashia. Na Mufti Mkuu wa Oman, Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, ambaye ni Ibadhi, amezaliwa Zanzibar mwaka 1942. Aliondoka baada ya mapinduzi ya 1964.

Mwalimu_Masasi

Shikamoo Bibi. Mimi ni Mkristo, Muanglikana wa Masasi, na nimesoma maelezo yako yote bila kuruka mstari. Nina swali. Huku kwetu UMCA, wamisionari wa Kianglikana, walifika Masasi mwaka 1876 na sisi ni Waanglikana mpaka leo. Peramiho walikuja Wabenediktini, watu ni Wakatoliki. Kilimanjaro Walutheri walishika vijiji vyao na Wakatoliki vyao. Dhehebu la aliyekuja na shule na hospitali ndilo lililobaki. Sasa masultani wa Zanzibar walikuwa Ibadhi na walitawala zaidi ya miaka mia. Imekuwaje Waunguja na Wapemba ni Mashafii?

BintiMkunazini

Marahaba mwalimu. Mfano wako wa Masasi ndio unaotoa jawabu, kwa sababu Pwani aliyekuja kwanza hakuwa Ibadhi. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akawakuta watu ni Mashafii. Sayyid Said, Sultani wa Oman, anahamia Unguja miaka ya 1830, karne tano baadaye. Misikiti ipo, vyuo vipo, walimu wapo.

Na Ibadhi hawakuwa na desturi ya kumvuta Shafii awe Ibadhi. Masultani waliweka makadhi wa aina mbili, kila mtu akahukumiwa kwa madhehebu yake, na mpaka leo Unguja watu wanamkumbuka Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi wa Kishafii aliyefariki 1925, kama bahari ya elimu. Masharifu wa Hadhramaut walifundisha kila mtu, mtumwa na muungwana, walikuja na maulidi na dhikri, mambo ambayo mtu asiyejua Kiarabu anaingia nayo kwa moyo wake wote. Elimu ya Ibadhi ilikuwa ya Kiarabu, barazani kwa mabwana wenye asili ya Oman. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipopoteza, na linaniuma, kwa sababu watoto wetu wenyewe tuliwaachia wachukue madhehebu ya mama bila kuwafundisha ya baba.

Hata Mombasa, mwanangu fundi, Wamazrui, ukoo uliowahi kuitawala, walitoka Oman wakiwa Ibadhi. Leo ni Mashafii, na wametoa maulamaa kama Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Lakini Unguja ilitoa kitu ambacho ningependa kila Mzanzibari akijue. Sayyid Barghash, mmoja wa masultani wetu, alileta mtambo wa kupigia chapa vitabu, na tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, alim wa Beni Isguen kule Mzab, ilichapwa Zanzibar. Mtu yuko jangwani Algeria, kitabu chake kinatoka kisiwani kwetu.

Mjomba_Chumbageni

Bibi nimekusoma. Hilo la Azraqi na watu wa Basra sikuwahi kufundishwa. Neno lile silirudii.

FundiBaridi_Kisauni

Bibi, Mungu akuweke. Sasa nieleze kwa vitendo. Leo Adhuhuri nimefika msikitini, imamu ni msafiri kama mwenzangu, katoa salamu rakaa mbili. Mimi niliyekuja na mkataba wa miaka miwili nifanyeje? Na "Amin" yangu?

BintiMkunazini

Wewe kwa madhehebu yako ni mkaazi. Akitoa salamu usitoe naye, simama umalizie mbili zako, na utawaona wengine nao wanasimama. Mikono funga kama ulivyofundishwa, hakuna atakayekusukuma. Amin yako sema, kwa sauti ya kusikia mwenyewe inatosha. Wala usiogope kusali nyuma yao: mwaka 2005 maulamaa wa Sunni na Shia waliokutana Amman, Jordan, waliitaja Ibadhi miongoni mwa madhehebu manane ambayo mfuasi wake ni Muislamu na haifai kumkufurisha.

Ramadhani ikifika, ukiweza kutoka Sib uje Muscat, futari iko kwetu. Dada yangu atakuwepo, atakupikia mkate wa kumimina.