Ushauri: "quite" kwenye barua ya mapendekezo, ni "kiasi" au "kabisa"?

Wakuu, nawasalimu. Natafsiri barua ya mapendekezo ya mwanafunzi, imeandikwa na profesa Mwingereza. Sehemu moja anasema "her French is quite good", nyingine "her research is quite outstanding". Kamusi inanipa "kiasi", na hapohapo "kabisa". Nikikosea namshusha binti wa watu, au nampa sifa ambayo hakupewa. Mnaamuaje?

Mpenda_Sarufi: Mkuu, tazama kivumishi kinachofuata. "Good", "big" na "tired" vina ngazi, kitu huwa kizuri kidogo au sana. Hapo "quite" ya Mwingereza ni kiasi, jirani wa "fairly". Lakini "outstanding", "perfect" na "impossible" viko kileleni tayari, havina nusu. Hapo ni kabisa, sawa na "completely" au "absolutely". "Quite sure" na "quite different" nazo ziko kundi hili. Kwa hiyo utafiti wake ni bora kabisa, andika bila wasiwasi.

Kalamu_Nyeusi: Sawa, ila angekuwa Mmarekani jibu lingebadilika. Wao "quite good" mara nyingi ni sifa tosha, karibu na "very good". Kwa Mwingereza hata sauti huamua: akikaza "quite" sifa inapungua, akikaza "good" inapanda. Barua haina sauti, basi kama profesa anapatikana, muulize.

Mama_Tafsiri: Jamani, "kizuri kiasi" msimwandikie mtoto! Kwa Kiswahili inasikika kama dosari, na profesa hakutia dosari. Mitaani tungesema Kifaransa chake si haba. Kwa barua rasmi weka "kinaridhisha". Pia usidhani "rather" ni pacha wake. "Rather expensive" ina kulalamika ndani yake, na "rather good" ya Mwingereza huwa juu ya "quite good".

Mpenda_Sarufi: Mama kanishinda, "kinaridhisha" ndiyo yenyewe. Angalia pia "quite a few", maana yake si chache, ni nyingi. Na "not quite ready" ni bado kidogo.

Mwenye uzi: Asanteni sana, nachukua "kinaridhisha". Mwishoni kuna "she is quite a scholar". Hii nayo ni kiasi?

Mama_Tafsiri: Hapana mwanangu. Ikifuatwa na "a" na nomino namna hiyo, ni sifa kubwa. Andika: "Ni msomi hasa."