Mwewe anamaliza vifaranga: tumuue au tubadilishe ufugaji?

Mleta mada

Naweka hoja mezani. Mwewe akizoea boma, dawa inayokimbiliwa na wengi ni sumu: kifaranga aliyekufa anapakwa dawa ya wadudu, anawekwa juu ya paa, mwewe anakula na kufa. Wapo wanaotaka jambo hili liruhusiwe waziwazi, kwa hoja kwamba kuku ndio benki ya mama wa kijijini na akiibiwa na ndege hakuna anayemlipa. Msimamo wangu ni kwamba sumu ikomeshwe kabisa, na kifaranga wa kienyeji asiachiwe nje bila kinga kabla ya kufikisha wiki 8. Anayepinga alete na njia yake.

Kuku Huria

Napinga hilo la wiki 8. Kuku wa kienyeji ana faida kwa sababu anajitafutia: mchwa, mbegu, majani, mabaki ya jikoni. Ukimfungia kifaranga wiki 8 atakula kati ya kilo 1 na 1.5 ya chakula. Koo mmoja mwenye vifaranga 10 anakuletea mzigo wa hadi kilo 15. Mwenye makoo manne anatoa wapi kilo 60 kabla hajauza hata jogoo mmoja? Halafu kuna kuhara damu. Vifaranga wakibanana kwenye matandiko yaliyolowa, ugonjwa huo unafagia banda zima, wakati mwewe huchukua mmoja mmoja. Sitetei sumu, lakini msimpe mfugaji maskini gharama ya mfugaji wa mjini.

Mtazama Ndege

Kwanza tujue nani anakula, maana wengi wanamlaumu asiyehusika. Mwewe, yule mwenye mkia uliogawanyika kama V, hushuka, ananyakua na kuondoka bila kutua. Hakuna manyoya wala damu, idadi tu imepungua. Mwenyewe kwa kawaida hafikii kilo 1, kwa hiyo kuku wa nusu kilo hambebi. Ukikuta duara la manyoya chini ya mti na kuku mkubwa ameliwa kifua, huyo ni kipanga, anayepita chini chini kati ya miti na hatokei juu. Kuku kadhaa wameuawa usiku mmoja na kuachwa? Tafuta mnyama kama kicheche. Na Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, angalieni sana kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890. Wanakuja wawili watatu: mmoja anamchokoza koo, mwingine anachukua kifaranga. Huyo anakula na mayai.

Kuhusu sumu, mwewe anakula mizoga na panya. Chambo kile kile kikidondoka kinaliwa na mbwa, paka, nguruwe, na mtoto anaweza kukishika. Kenya ilishaona mwisho wake: kabofurani, dawa kali ya wadudu wa mashambani, ilitumika kuua simba na tai mpaka mwaka 2009 mtengenezaji akaacha kuiuza huko na kununua tena iliyobaki madukani. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika, ndege wala mizoga, waliingizwa kwenye daraja la walio hatarini zaidi kutoweka, na sumu ni sababu kubwa. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2013 zote zinawahusu na ndege. Isitoshe haisaidii. Ukimuua mwewe mwenye eneo lake, nafasi inabaki wazi na mwingine anaingia, na kuanzia Oktoba hadi Machi wanaongezeka wanaohamia kutoka Ulaya na Asia.

Fundi Banda

Nakuja na vipimo. Nunua wavu wa kuku wa tundu la nusu inchi, roli la mita 30, upana sentimita 90. Tengeneza fremu ya mbao yenye urefu wa mita 2, upana sentimita 90 na kimo sentimita 60. Zungusha wavu ubavuni: unakwenda mita 5.8, na kwa kuwa upana wake ni 90, sentimita 30 zinabaki chini. Usizikate. Zilaze kuelekea nje juu ya udongo na uzikandamize kwa mawe, ili nguchiro akija kuchimba akutane na waya. Chana kwenye pembe nne tu ili zilale vizuri. Juu weka kipande cha mita 2. Tenga moja linakula mita 7.8, roli linatoa matenga matatu na kipande cha ziada.

Theluthi ya juu ifunike kwa makuti au bati, la sivyo jua la saa sita litaua wengi kuliko mwewe. Tenga hilo linatosha vifaranga 25 mpaka wiki ya 4, kisha 15 mpaka wiki ya 8. Lisogeze kila siku kwenye majani mapya. Hapo ndipo namjibu Kuku Huria: kuhara damu kunatokana na kinyesi na unyevu kukaa mahali pamoja, si kufungia kwenyewe. Usiku warudishe ndani, kwa ajili ya baridi na siafu.

Makosa ninayoyaona ni mawili. Mtu anatumia wavu wa tundu kubwa kwa kuwa ni rahisi, kipanga anapitisha mguu na kumkamata kifaranga aliyelala ubavuni mwa wavu. Au wavu wa juu unalegea mpaka unawagusa. Uvute, ufunge kwa waya mwembamba kila sentimita 15.

Kuku Huria

Kulisogeza nakubali, linapunguza ugonjwa. Chakula bado.

Mama Vifaranga

Chakula kinarudi, ndugu yangu, na kinarudi kupitia kwa koo. Akilea nje, anakaa na watoto wiki 8 hadi 12 bila kutaga, kwa hiyo kwa mwaka anaatamia mara tatu hivi. Watenge vifaranga wakiwa na wiki 2, uwape joto, atarudi kutaga mapema na unapata mizunguko minne au zaidi. Mchanganyiko wa kilo 10: chenga za mahindi kilo 4.5, mashudu ya alizeti 2.2, pumba za mahindi 1.5, dagaa 1.4, chokaa ya mifugo gramu 300, chumvi gramu 30, premiksi (unga wa vitamini na madini) kwa kipimo cha pakiti. Dagaa wakiwa wa chumvi, acha hiyo chumvi nyingine kabisa, maana inaua vifaranga. Baada ya wiki 4, ongeza majani ya mchicha na mchwa.

Na chanjo ya mdondo (kideri) isisahaulike: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Mwewe hajawahi kumaliza kuku wa kijiji kizima, mdondo unamaliza.

Kuku Huria

Kwa mwenye makoo mawili sawa. Mwenye kumi hatajenga matenga kumi. Huyo mpeni wiki 4 za tenga, kisha nje yenye maficho. Meza za fito zenye kimo cha sentimita 50, zimeezekwa makuti, moja kila mita 8 hivi, na vichaka vya matete au migomba katikati, ili kifaranga akisikia jogoo anapiga kelele asikimbie zaidi ya hatua chache. Waachieni saa kumi jioni, watu wakiwa nyumbani. Sidi (CD) za kung'aa zinazotundikwa na sanamu za kutisha ndege zinafanya kazi wiki moja au mbili, ndege anazoea. Rangi ya zambarau ambayo wengine wanawapaka vifaranga naiweka kwenye kundi hilo hilo, ila msitumie rangi ya mafuta wala oili chafu.

Mleta mada

Wiki 4 kwa masharti hayo naipokea kwa mwewe na kunguru. Kwa kipanga siipokei, maana anaingia chini ya maficho na anachukua hata tetea. Palipo na kipanga, wavu juu ya uwanja.

Fundi Banda

Basi tumieni nyavu za uvuvi zilizochakaa, za uzi mnene na tundu la inchi 2. Nguzo za mita 2 kila mita 3, waya wa chuma juu ya nguzo, wavu uvutwe ukazane na ushuke ubavuni mpaka chini. Ukilegea, ndege ananasa na kufa humo, na mvua ya kwanza itaujaza majani.