Printa imegoma baada ya kupigiwa Windows 11, na programu ya madeni nayo haifunguki

mama_kopi:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimekwama na kuna shule inataka mitihani yake ijumaa. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, kopi, kuprinti, lamination, kuchapa barua na mambo kama hayo. Kompyuta ya ofisini ilikuwa na Windows 10, fundi akaniambia hiyo muda wake umeisha tangu oktoba 2025, akanipigia Windows 11. Kompyuta yenyewe iko freshi na inawaka haraka, ila printa yangu ya leza nyeusi haisomi kabisa, nikichomeka USB inalia ule mlio wa kutambua kitu, lakini kwenye orodha inatokea na kialama cha njano, na nikiweka CD yake ya draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa) inasema haiendani na kompyuta hii. Printa ni nzima wakuu, asubuhi ya siku hiyohiyo ilitoa rimu nzima bila kukwama.

Pia kuna programu ya zamani ya stoo na madeni, niliwekewa enzi za Windows 98 na imekuwa ikihamishwa kila nikibadilisha mashine. Folda yake iko D, haijafutwa, lakini nikibonyeza inaniambia haiwezi kuendeshwa kwenye PC hii. Madeni ya mashule yote yamo humo. Ninunue printa mpya au kuna njia? Natanguliza shukrani.

chuma_ya_zamani:
Dada rudisha Windows 10 halafu zima apdeti moja kwa moja, usiruhusu tena. Mimi hizo apdeti siziamini kabisa, kila zikija kuna kitu kinakufa. Kompyuta ikishafanya kazi iache.

fundi_spula:
Mkuu hapo juu kwa heshima zote, ushauri huo usimpe mtu mwenye ofisi inayopokea flashi za wateja kutwa nzima. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia mpaka hospitali za umma Uingereza zikaahirisha wagonjwa, na kiraka cha tundu la Windows kilimopenyea kilishatolewa machi mwaka huohuo, walioumia ni wale ambao mashine zao zilikuwa hazijaapdetiwa. Na kwenye printa ndo nyeti zaidi, maana spula, ile huduma inayopanga foleni ya kuprinti ndani ya Windows, inaendeshwa na mamlaka makubwa kabisa ya mfumo, mtu akipenya pale kachukua kompyuta yote. Julai 2021 tundu la kwenye spula lilijulikana hadharani, likaitwa PrintNightmare, na apdeti za agosti zikamnyima mtumiaji wa kawaida uwezo wa kuinstoli draiva ya printa bila ruhusa ya admini. Maofisi yenye printa za kushea yalihangaika sana kipindi kile. Kwahiyo ni kweli apdeti inavuruga printa, lakini mara nyingi inavuruga kwa sababu inaziba mahali penye hatari kweli.

Sasa dada mama_kopi, naomba uulize fundi wako, ile Windows 10 ilikuwa ya biti 32? Nina uhakika mkubwa jibu ni ndiyo, maana matatizo yako yote mawili yanaelekea hapo. Biti ni kipimo cha ukubwa wa data ambayo mfumo unaishughulikia kwa mkupuo, na Windows 10 ilikuwepo ya biti 32 na ya biti 64. Windows 11 ni biti 64 tu, na mfumo wa biti 64 haupokei draiva ya biti 32 hata uibembeleze vipi, ndo maana CD inakataa. Hiyo programu ya enzi za 98 nayo inawezekana ni ya biti 16, Windows za biti 32 zilikuwa bado zinaibeba lakini za biti 64 zimeiondoa kabisa. Programu za biti 32 za kawaida zinaendelea kufanya kazi, usiogope.

Achana na CD. Nenda saiti ya kampuni iliyotengeneza printa, andika namba ya modeli kama ilivyo kwenye stika ya nyuma, tafuta draiva ya biti 64 hata kama imeandikwa ya Windows 7, nyingi zinakubali kwenye 11. Na tafadhali usiguse zile saiti zinazojiita za kusasisha draiva zote kwa klik moja, nimesafisha mashine nyingi za wateja zilizoharibiwa na vitu hivyo.

Kitu ambacho wauzaji hawawaambii watu ni kwamba umri wa printa sio tatizo. LaserJet 4 ya HP ya mwaka 1992 inaelewa yenyewe PCL, lugha ya kuielekeza printa nini cha kuchapa, ukiipa draiva ya PCL na waya wa kugeuza LPT (tundu la zamani la printa) kwenda USB inachapa mpaka leo. LaserJet 1020 ambayo ni changa kwake kwa zaidi ya miaka kumi ni ya aina inayoitwa hostbased, yaani printa ni mikono tu na kichwa kiko kwenye kompyuta, hata programu yake ya ndani haihifadhi, kila ukiiwasha lazima kompyuta iipakie upya. Aina hiyo bila draiva yake maalum haikuelewi chochote. Ukija kununua printa, hata yustidi, uliza kwanza kama inasoma PCL au PostScript, ambayo nayo ni lugha ya printa, kabla hujauliza bei ya tona.

mzee_wa_tona:
Naongezea kwa fundi_spula. Draiva ya biti 64 ikikosekana usitupe printa. Tafuta kompyuta yoyote kuukuu, weka Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kama Mint au Debian, kuna mfumo wa kuprinti unaitwa CUPS na draiva za printa nyingi zilizosahaulika bado zipo humo, hizo hostbased kama 1020 zinakubali kupitia draiva za Linux ziitwazo foo2zjs au HPLIP. Chomeka printa kwenye mashine hiyo kisha ishee kwenye mtandao wa ofisi. Windows 11 inaiona kama printa ya mtandao na haihitaji draiva ya zamani. Na kwa kazi yako dada kuna faida nyingine kubwa, simu nazo zinaiona, kwahiyo mteja akikutumia faili WhatsApp unaprinti kutoka kwenye simu bila kuhamisha kitu, na flashi zenye virusi zinapungua mezani.

mama_kopi:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Fundi amethibitisha ilikuwa biti 32. Draiva ya Windows 7 biti 64 nimeipata saiti ya wenyewe, imekubali na mitihani inatoka sasa hivi. Hiyo ya Linux nitamwita kijana aje anifanyie maana ile ya kuprinti kwa simu nimeipenda. Imebaki programu ya madeni.

fundi_spula:
Safi sana. Hiyo programu inaweza kuendeshwa ndani ya VirtualBox, programu inayoiga kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, yenye Windows ya zamani ya biti 32, ila usiipe intaneti. Lakini kama unachotaka ni madeni tu, fungua folda yake uangalie kama kuna mafaili yanayoishia na .dbf, programu nyingi za enzi zile ndo zilitunzia humo.

mama_kopi:
Yapo mengi, kuna WATEJA.DBF na MADENI.DBF na mengine ya index.

fundi_spula:
Basi data zako zipo hai. Kopi folda nzima kwenye flashi mbili kwanza. Halafu weka LibreOffice, ni bure, fungua MADENI.DBF kwa Calc, programu yake ya majedwali kama Excel, utaona kila deni kwenye mstari wake. Ukishaona, sevu kama faili jipya la ods au xlsx, usisevu juu ya hiyo DBF yenyewe maana inaweza kubadilika mpangilio na programu ya zamani isiisome tena. Jina la mteja ukikuta ni namba tupu, hiyo ni namba yake ya utambulisho, jina liko WATEJA.DBF, unaziunganisha kwa VLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali jingine. Ukikwama hapo niandikie nikuelekeze fomula.