Duranta yangu ya rangi mbili inageuka kijani kitupu, nifanyeje?

tunu_bustani
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hili linaniumiza kichwa. Nina duranta ile ya majani ya rangi mbili, katikati kijani pembeni krimu, niliipanda miaka minne iliyopita ikiwa mche wa kufika magotini na sasa inanipita kimo. Ilikuwa inapendeza jamani, jioni ukiitazama kwa mbali unadhani kuna taa imewashwa ndani yake. Sasa kama miezi sita hivi upande mmoja umeanza kutoa matawi ya kijani kitupu, hayana hata chembe ya krimu, majani makubwa na yamenawiri kuliko yale mengine. Mwanzoni nilifurahi nikajua mmea umepata nguvu, nikawa naongeza mbolea. Leo nimeikagua vizuri naona karibu theluthi ya kichaka imeshakuwa kijani na ile sehemu nzuri imebanwa huko nyuma, halafu baadhi ya majani yake yana kingo za kahawia kama yameungua.

Hayo matawi ya kijani huwa nayakata kila yakizidi kimo, natumia mkasi mkubwa wa kukatia ua, ila yanarudi mengi zaidi. Ni ugonjwa? Niliuziwa mche feki? Au ndio limezeeka? Kuling'oa sitaki kabisa, nimelilea toka dogo.

mkasi_mkali
Dada pole. Si ugonjwa na hujauziwa feki, na kuzeeka bado sana. Mimi yamenikuta haya haya kwa hiyo naelewa.

Iko hivi, kwenye ncha ya kila chipukizi kuna seli zimejipanga kwa matabaka, na kwenye duranta yako tabaka moja haliwezi kutengeneza klorofili, ndio hiyo krimu unayoiona pembeni mwa jani. Tabaka jingine ni la kawaida, la kijani. Matabaka yakienda pamoja unapata jani la rangi mbili. Ikitokea jicho, yaani kile kivimbe kinachotoa tawi jipya, limechipua kutokana na seli za kijani peke yake basi tawi zima litakuwa kijani, na hilo halirudi kuwa na krimu hata ulisubiri mwaka. Sasa klorofili ndiyo inapika chakula cha mmea, kwa hiyo tawi la kijani kitupu lina jiko kubwa kuliko wenzake, linakua mbio, linawafunika, mwisho kichaka chote kinakuwa chake. Huo unawiri uliokufurahisha ndio unaoimaliza duranta yako.

Kosa liko kwenye mkasi wa ua. Ukikata ncha tu unaamsha macho ya chini yake, pale ulipokata tawi moja yanatoka mawili matatu, na yote ni ya kijani maana yametoka kwenye tawi la kijani. Shika tawi moja, lifuate kwa mkono kushuka chini mpaka ufike pale linapoungana na tawi lenye majani ya rangi mbili au na shina kuu, kata hapo hapo kwenye maungio, usiache kisiki. Tumia mkasi mdogo au msumeno wa kupogolea, uwe mkali, na uufute kwa spiriti kabla ya kuanza. Vaa glavu pia, duranta nyingi zina miiba.

Kivuli_Chema
Naunga mkono ila nina maswali. Mbolea gani unaweka na mara ngapi? Na jua linapiga saa ngapi hapo ilipo?

tunu_bustani
Urea, naweka kila mwezi, kiganja kimoja nazungushia shinani. Jua ni la mchana kwenda jioni, asubuhi kuna mti mkubwa unaukinga upande ule ule uliogeuka kijani, ulikuwa mdogo wakati napanda sasa umetanda.

Kivuli_Chema
Basi picha naipata. Urea simamisha leo. Ile ni naitrojeni tupu, inasukuma majani mengi laini kwa haraka na wanaofaidi zaidi ni hao wa kijani. Na ikizidi kwenye udongo mkavu inaunguza mizizi, dalili zake ni hizo kingo za kahawia. Sehemu ya krimu ndiyo inaungua kwanza maana haina klorofili na haivumilii jua kali la mchana kama sehemu ya kijani, kiu kidogo tu inakauka. Mwagilia mara chache lakini maji yazame chini, sio kulowesha juu kila siku. Halafu weka matandazo ya majani makavu au nyasi unene wa sm 5 mpaka 8, yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja kulizunguka. Chakula kinachotosha ni mboji, mara moja au mbili kwa mwaka.

Ule mti punguza matawi yake ya chini. Kivuli kikali hakifai, rangi inafifia na tawi lenye krimu linakosa mwanga wa kujilisha, lile la kijani linapata nafasi ya kulipita. Jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana ndio mahali pake, na wewe umelipata kinyume chake.

mzizi_mrefu
Mimi ningekata kichaka kizima kibaki futi moja kutoka chini kianze upya. Duranta ni ngumu, itachipua tu.

mkasi_mkali
Kuchipua itachipua kaka, tatizo itachipua nini. Ukishusha mpaka chini unaamsha macho yaliyolala kwenye shina la zamani na hujui lipi ni la kijani, na la kijani kwa kuwa lina nguvu zaidi ndilo litatangulia. Kwa kichaka chenye rangi moja ushauri wako ni mzuri sana, kwa huyu dada utamharibia. Hiyo sehemu yenye krimu ndiyo mali yake, isiguswe.

Kivuli_Chema
Hapo niko na wewe, ila na mimi sitamshauri atoe theluthi yote siku moja. Ukiondoa kiasi hicho ghafla yale majani yaliyokuwa yamejificha nyuma yanapigwa na jua ambalo hayajalizoea. Dada anza na matawi mawili matatu makubwa kabisa, subiri wiki tatu nne, yale yenye krimu yazoee mwanga, ndio umalizie.

mkasi_mkali
Mimi huwa natoa yote siku moja maana ukichelewa yanaendelea kula. Lakini kwa hali yake, na hayo majani yameshaanza kuungua, sawa, afanye kwa awamu mbili. Zisizidi mbili.

ua_la_jirani
Samahani naingilia, inaweza kuambukiza mimea mingine? Na mimi nina vichaka vya rangi mbili nimevipanda karibu karibu.

mkasi_mkali
Haiambukizi. Kila kichaka kina mambo yake. Ila ujue si kila baka lina chanzo kimoja, kuna abutiloni, vichaka vingine vya maua, za mabaka ya njano ambazo mabaka yake yanaletwa na virusi, hizo ukibebesha, yaani ukiunganisha kikonyo chake kwenye abutiloni ya kijani nayo inapata mabaka. Duranta ya huyu dada haiko hivyo. Na kingine, ukiona kichaka chako cha kijani kimeanza njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe imebaki kijani usishangilie kwamba kimepata rangi mbili, huo mara nyingi ni upungufu wa chuma au magnesi.

bibi_miche
Mwanangu Tunu, hayo yote wamekueleza vizuri, mimi naongeza moja. Kabla hujagusa mkasi chukua vipandikizi kwenye matawi yenye rangi nzuri zaidi, uwe na akiba. Chagua tawi lisilo na maua, limekomaa kiasi lakini bado linapinda, urefu sm 10 mpaka 15. Kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota, ondoa majani ya chini, bakisha mawili matatu juu. Choma kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, funika na nailoni angavu, weka kivulini, usiache ukauke wala usiloweshe mpaka ukawa matope. Choma sita au nane, siyo yote yatashika.

Usichague tawi ambalo majani yote ni meupe kabisa hata kama linavutia macho. Hilo haliwezi kujilisha, linaishi kwa kulishwa na mama yake, ukilitenga linakufa. Mimi nilijaribu mara tatu nikiwa sijui, nikalia kila mara. Tafuta lenye krimu na kijani vilivyogawana sawa.

Na mbegu usihangaike nazo, ule mpangilio wa matabaka haupiti kwenye mbegu. Vile vitunda vya njano viokote kama una watoto wadogo au mbwa, vina sumu, na vinapendeza machoni kiasi kwamba mtoto anaweza kutia mdomoni.

tunu_bustani
Jamani shikamoo bibi, na asanteni wote, sikutegemea majibu ya hivi. Nimetoka nje na simu mkononi nasoma huku nafuata tawi moja moja. Nimegundua kumbe matawi yote yale ya kijani yanatoka kwenye mashina matatu tu! Mawili yameungana na shina kuu usawa wa goti, hayo nimeyakata sasa hivi na msumeno. La tatu linatoka chini ya udongo, je hilo nikate usawa wa ardhi?

mkasi_mkali
Hapana dada, ukikata usawa wa ardhi litarudi. Fukua taratibu kwa mkono mpaka uone limeshikana wapi, ulibandue au ulikate hapo hapo kwenye shikio lake, kisha rudishia udongo. Na kuanzia sasa kila ukimwagilia pitisha macho, ukikuta kichipukizi cha kijani kitupu cha urefu wa kidole kinyofoe kwa vidole, kikiwa kidogo hivyo hata mkasi huhitaji.

tunu_bustani
Nimefukua. Limeshikana na mzizi kama sm 4 chini, ni nene kama kidole gumba. Naliacha mpaka awamu ya pili kama alivyosema Kivuli_Chema, nimelifunga uzi mwekundu nisilisahau. Vipandikizi nimechoma vinane bibi, viko kivulini nyuma ya pipa la maji.

bibi_miche
Marahaba mwanangu. Usivivute vute kuangalia kama vimeota mizizi. Ukiona jani jipya, ndio ujue.