Acheni kuwaambia watu "nunua kadi nyingine" wakati bodi ndiyo haioni kadi!

Wakuu, inaudhi. Kila mtu akiuliza kwa nini Linux haioni memori kadi kwenye bodi yake, jibu ni lile lile: "kadi feki hiyo, nunua nyingine." Watu wanatupa kadi nzima, wanatoa hela tena, na bodi inagoma vilevile.

Nazungumzia bodi (kompyuta ndogo) zenye chipu ya Allwinner H3, hasa zile za kunakili. U-Boot (programu ya kuwashia bodi) inapakia kerneli (kiini cha Linux) kutoka kwenye kadi hiyo hiyo, halafu kerneli inaganda kwenye "Waiting for root device" au inakutupa kwenye initramfs (mfumo mdogo wa muda ndani ya RAM). Kama kadi ni mbovu, hiyo kerneli imesomwa kutoka wapi?

Angalieni pini ya kutambua kadi. Ndani ya soketi kuna kiswichi. Kadi ikiingia, pini PF6 ya chipu inaunganishwa na graundi, volti zinashuka kutoka 3.3 hadi 0, na DTB (faili linaloieleza kerneli vifaa vya bodi vimeungwaje) imeiambia kerneli kwamba sifuri maana yake kadi ipo. Sasa mtu anafunga soketi ya bei chee ambayo swichi yake inafanya kinyume, au PF6 haiungi popote, kisha anatoa imeji yenye DTB ya bodi aliyoinakili bila kugusa hata mstari mmoja. Huo ni uzembe mtupu. ROM ya chipu (programu ya kwanza kabisa iliyomo ndani yake) haiulizi pini hiyo wakati wa kuwasha, ndiyo maana mwanzo kila kitu kinaonekana kizima.

Kuthibitisha ni dakika mbili. Ukiwa kwenye initramfs, kupitia konsoli ya siriali (kasi 115200):

mount -t debugfs none /sys/kernel/debug
cat /sys/kernel/debug/gpio

Tafuta mstari wenye "cd" (PF6 ni gpio-166). Kadi imo ndani na bado inasoma "hi" pamoja na "ACTIVE LOW"? Basi umempata mchawi. Chomoa kadi uangalie tena: ikigeuka kuwa "lo", swichi ni ya kinyume, isipobadilika, pini haijaungwa au swichi imekufa.

Dawa: chomeka kadi kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, weka device-tree-compiler, nakili DTB ya zamani pembeni, kisha igeuze iwe DTS, yaani maandishi unayoweza kuhariri:

dtc -I dtb -O dts -o bodi.dts bodi.dtb

Nenda kwenye mmc@1c0f000, sehemu ya soketi ya kadi. Namba ya mwisho ya cd-gpios (mstari unaotaja pini ya kutambua kadi) ni 0x01. Kwa swichi ya kinyume iandike 0x00. Kwa pini isiyoungwa, futa cd-gpios yote na uandike broken-cd; ili kerneli iwe inachungulia yenyewe kama kadi ipo. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaongeza broken-cd na kuiacha cd-gpios palepale. Kerneli itachungulia, lakini kila mara itaiuliza pini ile ile na kujibiwa kwamba hakuna kadi. Kama mfumo wenyewe unakaa kwenye kadi hiyo na huichomoi, andika non-removable; badala ya broken-cd. Inatosha, maana pini hairuhusiwi tena kusema lolote. Ukimaliza, rudisha:

dtc -I dts -O dtb -o bodi.dtb bodi.dts

Maonyo yatamwagika kibao, usiyajali. Ukiona ERROR ndipo usimame.

Kwenye Armbian (Linux ya bodi kama hizi), kifurushi cha linux-dtb kikisasishwa kinafuta kazi yako. Andika overlay (kiraka kinachoongezwa juu ya DTB) inayoweka non-removable kwenye &mmc0 na uisakinishe kwa armbian-add-overlay. Msijaribu kufuta cd-gpios kwa overlay, haifutiki hivyo.

Na logi ikisema "error -110 whilst initialising SD card", hiyo ni kesi nyingine: kadi imeonekana ila haijibu. Kagua umeme na miguu ya soketi. Ikiwa -84, data inaharibika njiani. Shusha max-frequency hadi 25000000 kwanza.

Kwa hiyo anayetaka kujibu nyuzi za kadi humu aombe dmesg (logi ya kerneli) na huo mstari wa gpio kabla ya kumtuma mtu dukani. Nanyi mnaouza bodi hizi, toeni DTS ya bodi mliyoitengeneza nyie.